Nyumba za Ndege za Papa Donat

Watu wa Katoyi, mtaa wetu hapa Goma, wakitaka kumsifu Papa Donat husema kwamba chukudu yake ikianguka, inayoumia ni barabara. Hiyo si sifa ndogo katika mji ambao barabara yenyewe ni jiwe la volkano. Chukudu ni ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala huruma, inayobeba nusu ya chakula cha Goma, na Donat amezitengeneza kwa zaidi ya miaka ishirini: mti wa mkaratusi, misumari mirefu, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Ukiipakia magunia sita ya makaa, hailalamiki. Donat mwenyewe pia halalamiki, na kasoro yake inaanzia hapo hapo, kwa sababu mtu asiyelalamika mara nyingi hasemi hata yale anayotakiwa kusema.

Mimi ni jirani yake, naitwa Thérèse, na kazi yangu ni upishi katika nyumba ya wazee ya Masista kule Himbi. Kwa hiyo namjua Donat pande zote mbili. Asubuhi naona anavyoishi Katoyi na mkewe Charline na watoto wao wanne, mchana nilimpikia uji mama yake aliyekuwa amemwacha Himbi.

Kwetu mzazi hapelekwi kwa Masista kama ana mtoto anayepumua. Wazee ninaowapikia ni wale ambao vita vimewamalizia watu, au ambao hawakujaliwa kuzaa, na hata hao majirani zao huona haya. Mama Katungu alizaa. Watoto watano waliondoka duniani wadogo, akabaki na Donat peke yake. Mume alipomfia huko Butembo alishuka Goma na mwanawe mgongoni, akaketi juu ya lava iliyopoa, akavunja mawe kwa nyundo miaka na miaka ili mtoto apate kujifunza ufundi kwa fundi mmoja wa mtaa wa Mabanga ambaye hakumfundisha mtu bure. Kidole chake kimoja cha mkono wa kulia hakikunjiki mpaka leo.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, wakati mji wetu ulipokuwa unapiganiwa na kubadilisha watawala, bomu liliangukia nyumba yao ya Mabanga. Hakufa mtu, Mungu asifiwe, ila nyumba ilibaki mlango tu. Charline na watoto wakalala kanisani. Karakana ya Donat ikaporwa mpaka vumbi la msumeno. Mama Katungu, miguu imevimba, akapokelewa na Masista.

“Wiki mbili tu, mama,” Donat alimwambia. Nilikuwepo, nimeshika sufuria. Zile wiki mbili zilichukua miezi minane.

Familia ilipata nyumba ya kupanga hapa Katoyi, hatua chache kutoka kwangu. Donat alirudi Himbi mara moja, akamweleza mama yake kwamba nyumba mpya ina vyumba viwili vya kulala na basi, kimoja chake na Charline, kingine cha watoto, akaaga haraka. Miezi miwili hakukanyaga tena. Si kwamba hakumpenda mama yake. Aliona haya, na wanaume wa kwetu wana dawa moja ya haya, nayo ni kutoonekana. Alipojitokeza tena na sukari na sabuni, Mama Katungu alikuwa amekwisha kugeukia ukuta. Alizungumza na Masista, alizungumza nami, alizungumza hata na kuku wa mlinzi. Kwa mwanawe hakuwa na neno, na jina lake hakulitaja. Donat aliketi ukingoni mwa kitanda dakika kumi, akausalimia mgongo, akaenda zake. Ikawa hivyo kila Jumapili.

Mtaani alisema mama yake yuko Butembo kwa mjomba. Ulikuwa uongo wa fundi hasa, maana barabara ya Butembo ilikatwa na vita na hakuna ambaye angekwenda kuhakikisha. Mimi sikumwambia mtu ukweli. Nilimwambia jirani yetu Mama Benny tu, na kumwambia Mama Benny ni kutangaza redioni. Kuanzia siku ile Katoyi nzima ilijua, na kila asubuhi watu walimsimamisha Donat kumwuliza mama anaendeleaje kule Butembo, kwa raha tu ya kumtazama akitafuta jibu. Lakini lawama walimpa Charline, kwa sababu kwetu kosa la mwanamume hutafutiwa kwanza mwanamke. Charline alikuwa sokoni anauza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, tangu alfajiri na hakuwa na nafasi ya kujitetea.

Ndipo ukaja mradi. Shirika moja la Himbi, ambalo silitaji jina kwa kuwa yote yanafanana, liligundua kwamba wazee wetu wana huzuni. Lilituma watu wanne na magari mawili kuja kuthibitisha. Kiongozi wao alikuwa Julien, kijana safi, mwenye kizibao cha mifuko kumi na miwili na kalamu katika kila mfuko. Alitukusanya ukumbini akatueleza kwamba katika nchi fulani za baridi wazee walijengewa nyumba za ndege, ndege wakaja, wazee wakafarijika, na kwamba jambo hilo limepimwa. Mradi uliitwa Kiota cha Faraja. Tulipewa kofia. Nikauliza kama faraja hiyo inaweza kuja pamoja na maharage, maana ghala lilikuwa linaelekea kwisha.

“Ile iko mu projet ingine, mama,” Julien alinijibu kwa upole, akaandika swali langu katika daftari lake, na nadhani lipo humo hadi leo.

Alikuwa na mchoro. Tundu la mlango lilitakiwa kuwa milimita thelathini na mbili kamili, kwa ajili ya ndege ambaye Julien alilitamka jina lake vizuri sana na ambaye hajawahi kuonekana Goma. Na paa lilitakiwa kufunguka, ili kiota kisafishwe kila mwaka, kwa sababu inaonekana ndege wa huko hawajui kufagia. Akauliza kama tunamjua seremala wa karibu. Nikamtaja Donat. Sikumtaja kwa wema. Nilitaka awe na kazi ndani ya ua ule kila siku, mbele ya macho ya mama yake, nione nani atachoka kwanza.

Donat alikubali kabla Julien hajamaliza sentensi. Fundi anaingia mlangoni kwa kazi, haulizwi mengine, na nilimwona usoni jinsi alivyolifurahia hilo.

Nyumba ya kwanza ilishushwa langoni na wanaume watatu. Donat hajui kutengeneza kitu chepesi, hakufundishwa. Alikuwa amechukua mkaratusi uleule wa chukudu, misumari ileile, na juu ya paa amepigilia mpira wa tairi ili mvua isipite. Waliitundika kwenye mwavokado katikati ya ua. Tawi likaanguka pamoja nayo, na parachichi zote za msimu ule. Nyumba haikupata hata mkwaruzo.

Muzee Nizeyimana, mfugaji wa Masisi ambaye sasa amebaki na fimbo bila ng’ombe, aliizunguka mara mbili.

“Papa Donat, hii ni ya ndege ao ya mbuzi?”

“Ni ya ndege, muzee. Ila iko na nguvu.”

Julien alipima tundu, akakuta milimita thelathini na mbili, akasema kazi ni nzuri sana. Nyumba kumi na moja zilizofuata zilisimikwa juu ya nguzo, na nguzo zikamwagiwa saruji.

Wiki tatu zikapita, ndege hawakuja. Shomoro waliendelea kuzaliana juu ya jiko langu kama kawaida yao. Jozi moja ya inyamanza, wale weusi na weupe wanaotikisa mkia, ambao watu wa Masisi na Rutshuru hawathubutu kuwagusa, walikuja wakazitazama nyumba zote kumi na mbili, kisha wakajenga ndani ya buti la mpira la mlinzi wetu Achille lililokuwa limeangikwa likauke. Achille alitembea na ndara mwezi mzima. Julien alilipiga buti picha kutoka mbali, na ripoti ikasema ndege wameitikia.

Huenda mambo yangeishia kwenye ripoti, kama si Muzee Nizeyimana. Asubuhi moja alimfuata Donat barazani, akamwambia kwamba kwa kuwa ndege wamezikataa, je, hawezi kuihamisha moja ya nyumba zile na kuugeuza mlango utazame upande wa vilima? Nyumba yake ya Masisi ilitazama zizi. Na kama kuna vijiti, amwekee na zizi. Donat hakuuliza kitu. Aliikata nguzoni, akaishusha chini, akahamisha mlango, akazungusha vijiti. Muzee akavuta kiti, akaketi mbele ya zizi hilo tupu mpaka saa ya chakula.

Kesho yake Mama Nyiramahirwe wa Rutshuru alitaka jiko la nje.

“Sitaki moshi mu salon,” alisema.

“Mama, nani atapika mule?” nikamwuliza.

“Ile haikuangalii,” akanijibu, kwa maana kwamba hayanihusu.

Baada ya hapo kila mzee alitaka yake, na zote zikashushwa nguzoni. Huyu madirisha ya buluu, yule duka mbele. Mmoja alidai jirani yake amemwingilia kiwanja kwa upana wa vidole vitatu, akatishia kwenda kadastre, ofisi ya viwanja. Mimi nilicheka siku mbili za kwanza. Siku ya tatu nilimkuta Mama Nyiramahirwe amepiga magoti kando ya nyumba yake, ananionyesha kwa ncha ya kijiti mahali alipolala kila mtoto wake, kuanzia mkubwa, na watoto wale wote walishakufa. Nikaacha kucheka. Niliumia, na nilijionea haya.

Julien alihangaika.

“Hii haiko mu projet,” alimwambia Sista Umugwaneza, mkuu wa nyumba yetu.

“Basi andika kama ndege banachelewa,” Sista akamjibu, akaendelea kukunja mashuka.

Haya yote Mama Katungu aliyapa mgongo. Aliketi barazani, hatua tano kutoka kwa nyundo ya mwanawe, uso ukutani. Lakini mimi ndiye niliyempelekea chai, na nilikiona kiti. Kiti kile kiligeuka kila siku kidogo, kama upana wa kiganja, na ilipofika wiki ya pili sikio moja na nusu ya jicho vilikuwa tayari upande wa Donat. Yeye hakuona. Alikuwa anapigilia.

Siku moja, kabla ya saa nne asubuhi, kikombe mkononi, mama alifungua mdomo.

“Thérèse, ambia ule fundi kama miye pia nataka nyumba.”

Fundi alikuwa hatua tano, na nyundo ikanyamaza.

“Ya Mabanga, mama?” aliuliza Donat.

Mama hakumtazama. Alinijibu mimi.

“Ya Mabanga naijua. Anitengenezee ile anakaaka sasa. Nione fasi bajukuu bangu banalalaka.”

Mtu mwingine yeyote angesimama hapo akafikiri. Angejenga nyumba ya sebule na vyumba viwili, amalize salama. Lakini Donat alikuwa amengoja neno la mama yake miezi na miezi, na sasa amelipata kwa umbo la kazi, tena kazi ya mbao, kitu pekee duniani ambacho hajawahi kukidanganya. Jumapili baada ya misa alichukua mita akapima nyumba yake ya Katoyi ukuta kwa ukuta, akaandika vipimo kwenye kipande cha boksi. Charline alinisimulia baadaye kwamba alimwona akifungua na mlango wa chumba cha mwisho, akapima na humo. Alidhani mumewe amefikia uamuzi. Alifurahi, akamletea maji ya kunywa. Donat hakuwa ameamua kitu. Alikuwa anapima tu.

Aliileta Alhamisi, ameifunika kitambaa. Nasema ukweli, sijaona kazi nzuri kama ile. Safari hii alitumia mbao nyembamba. Bati la paa lilikatwa kwenye makopo ya maziwa. Mlango ulikuwa na kitasa. Hata ule ufa ulioko chini ya dirisha la mbele, ambao Charline huuziba kwa magazeti, aliuchonga. Wazee walikusanyika na fimbo zao. Julien alikuwa ameshika kamera tayari, amepiga goti.

Mama Katungu aligeuza kiti. Aligusa mlango, akagusa ufa, akatabasamu kidogo. Na kwa kuwa Julien alitaka paa lifunguke, na Donat ni mtu wa kufuata mchoro, mama aliingiza kidole chini ya bati akalifungua paa la nyumba ya mwanawe, akachungulia ndani.

“Thérèse, hii ni salon.”

“Ndiyo, mama.”

“Hii ni yake na Charline. Hii ni ya batoto, iko na bitanda bine.” Kidole kile kisichokunjika kikasogea, kikasimama juu ya chumba cha mwisho. “Na hii?”

Nilijua jibu. Miezi yote ile nilikuwa naona mbao zikipitishwa dirishani mwa chumba kile, na sikusema kitu kwa mama, mimi niliyeweza kumwambia Mama Benny. Nilitazama ardhi.

“Hii shambre ni ya nani?” mama aliuliza tena, na safari hii swali halikuwa langu.

“Ni ya mbao, mama,” alisema Donat.

“Ya mbao.”

“Mikaratusi. Ikilala inje, banaiba. Banaisha iba mara moja mu vita.” Akaonyesha kwa viganja. “Na mvua inaipinda, na jua inaipasua. Inaomba fasi ya kukauka, mama, fasi kavu, myezi sita, saba, polepole. Usipoitunza vile, chukudu inavunjika na mutu anaumia.”

Alieleza vizuri. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Kadiri alivyoendelea kueleza jinsi mti unavyotunzwa, ndivyo alivyokuwa anajisikia mwenyewe, na hakuna aliyemsaidia. Muzee Nizeyimana alijifanya anasafisha fimbo yake. Julien alishusha kamera, na hilo ndilo jambo la maana alilofanya katika mradi wote.

Mama Katungu alilifunga paa taratibu. Kisha akamtazama mwanawe usoni.

“Izo mbao uzilete hapa, kwa ba Masista. Kitanda yangu iko fasi kavu, mvua haiingiaka. Batazitunza muzuri, banatunzaka bitu bya batu. Miye nitaenda kulala kwa fasi yao.”

Hakupandisha sauti. Donat alisimama pale pale, mikono inaning’inia, akalia mbele ya wazee kumi na wawili na shirika zima. Mimi nilikimbilia jikoni nikasingizia moshi.

Nilidhani maneno yale yalikuwa ya kumchoma tu. Donat aliyachukua kama agizo. Jumamosi asubuhi alifika Himbi na chukudu mbili zilizojaa mbao mpaka juu, akazishusha barazani moja moja, akazipanga, akauliza wapi pa kuziweka. Nilitaka kumwambia asiwe mjinga, aziache hata kwangu. Sista Umugwaneza akaniwahi. Alikuja na daftari kubwa la kupokea wazee, akaketi mezani, akavaa miwani.

“Jina?” aliuliza.

“Ni mbao, Sista.”

“Naona.” Akaandika. “Zinatoka wapi?”

“Katoyi.”

“Nani amezileta?”

“Ni miye.”

Akaandika. Kwenye nafasi ya sababu ya kuletwa, Sista aliinua kalamu, akafunua kurasa kurudi nyuma mpaka mwezi wa kwanza, akatafuta kwa kidole jina la Mama Katungu, akanakili neno kwa neno. Kisha akaligeuza daftari, akampa Donat kalamu atie sahihi. Donat alisoma mstari mpya, kisha ule wa zamani, wenye sahihi yake ileile. Yote miwili ilisema: Familia haina nafasi.

Alitia sahihi. Ilimchukua muda.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala, kanga mpya kichwani, mfuko wake wa nguo umefungwa tangu alfajiri.

“Donat,” alisema.

Donat aligeuka.

“Beba godoro. Tuende nyumbani.”

“Ndiyo, mama.”

Lilikuwa godoro la sifongo, la wazee, jepesi kiasi kwamba mimi hulibeba kwa mkono mmoja nikifagia. Donat aliinama, akalishika kwa mikono yote miwili, na kwa kitambo kirefu hakuweza kulinyanyua.